Namna ya Kufufua Meza Kuukuu ya Pool kwa Njia za Mkato

Umeshaiona. Iko uani mwa baa moja huko Mabatini au Igoma, Mwanza, imefunikwa turubai, kitambaa kimepauka na kuchanika karibu na shimo la kona, na mwenye baa anaitaka nafasi ile aweke friji ya pili. Unaitamani. Unataka ikae barazani kwako, majirani waione kutoka njiani, na shemeji zako wakija Jumapili wakute jambo. Hakuna cha kuonea aibu hapo. Inunue, kisha nisikilize vizuri, maana njia ndefu ya kuifufua inataka karakana, vifaa vya gharama na subira isiyo na mwisho, na sisi tutapita njia fupi.

Shika kwanza neno hili. Meza ya pool ina vitu viwili visivyokubali ujanja: usawa wa jiwe na uhai wa raba za pembeni. Mpira unaotembea polepole utalitangaza kila kosa la jiwe, tena mbele ya wageni. Vingine vyote, yaani mbao, rangi, taa na historia ya meza yenyewe, ni mambo ya macho, na macho ya watu hupenda kubembelezwa. Pesa na jasho vipeleke kwenye vile viwili. Kwingine kote kata kona bila kusita.

Na kama umeona kwenye filamu za Kimarekani ile mashine ya pinball, yenye kioo juu na taa zinazowaka na mpira wa chuma unaorushwa kwa springi, ukaitamani hiyo badala ya pool, achana nayo. Mashine hiyo ni mtoto wa ukoo huu huu. Ilitokana na bagatelle, mchezo mdogo wa mezani uliozaliwa kwenye biliadi. Mwaka 1871 Montague Redgrave, Mwingereza aliyekuwa akiishi Cincinnati, Marekani, alipata hataza ya kuuboresha mchezo huo, na springi ya kurushia mpira ikawa sehemu yake. Tatizo ni tumbo lake: koili, swichi na nyaya tele, vyote vikisubiri umeme wa volti 120 wakati ukutani kwako mna 230. Meza ya pool haiombi umeme wowote. Umeme ukikatika Mwanza nzima, washa chemli, mchezo uendelee.

1. Nunua kwa sikio, lalamika kwa mdomo

Ukifika pale baa, usianze kusifia. Lalamikia kitambaa. Lalamikia rangi, miguu, harufu ya bia iliyomwagika humo tangu meza ilipoingia. Wakati mdomo unalalamika, mkono ufanye kazi ya kweli: ingiza kidole chini ya kitambaa kilichochanika, uhisi kuna nini. Kama ni ubao uliokandamizwa, ondoka kwa adabu. Ubao wa namna hiyo hunywa unyevunyevu wa ziwa, huvimba wakati wa masika, na haurudi ulivyokuwa hata uubembeleze vipi. Kama ni jiwe, gonga kwa sarafu sehemu mbalimbali. Jiwe zima hutoa sauti kali na safi. Lenye ufa hutoa sauti iliyokufa, au hutetema kidogo. Huhitaji fundi wa kukwambia. Sikio lako litajua mara moja.

Kisha omba ubao mnyoofu wa aluminiamu, ule wanaotumia mafundi wa vigae, uulaze juu ya jiwe na mtu amulike tochi ya simu kwa nyuma. Mwanga ukipenya katikati, hapo pana bonde. Bonde dogo linatibika. Bonde kubwa lina maana unanunua kabati la mbao lililobeba jiwe la kaburi.

Bei ipange juu ya kitambaa, kamwe usiitaje habari ya jiwe. Muuzaji anayedhani anauza kitambaa kibovu atapunguza. Akikumbuka kwamba anauza jiwe zuri, umekwisha.

2. Jiwe libebe wima

Hapa sikuruhusu mkato hata mmoja. Jiwe lenye unene wa milimita 19 lina karibu kilo 50 kwa kila meta ya mraba, kwa hiyo meza ndogo ya baa ina kilo zipatazo 100 za jiwe peke yake. Ondoa kingo, ondoa kitambaa, lifungue jiwe na libebwe peke yake, limesimama kwa ubavu kama mafundi wanavyobeba kioo cha dirisha. Ukilibeba limelala, litajikunja kwa uzito wake lenyewe na kukatika katikati ya mlima wa Isamilo, na vijana wanne uliowakodi watakutazama wewe, si jiwe.

Kirikuu kinatosha. Kama meza unaitoa Sengerema au Geita, ujue mambo yamerahisika: tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi liko wazi, na mzigo wako hautakaa tena kwenye foleni ya kivuko ukipigwa jua. Laza godoro kuukuu kwenye bodi, simamisha jiwe juu yake ubavu kwa ubavu na ukuta wa gari, funga kamba. Kabati na miguu vije safari ya pili. Majirani wakiuliza ni nini hicho, waambie subirini. Shauku yao ni mali, usiitumie yote siku ya kwanza.

3. Ufa na mashimo

Mtu aliyeleta jiwe kwenye mchezo huu ni John Thurston wa London, mwaka 1826. Kabla yake meza zilikuwa za mbao, na kila msimu wa mvua ulikuwa na mchezo wake. Alichagua jiwe la sleti kwa sababu hupasuka kwa tabaka bapa, husawazishwa kwa urahisi na linakubali kutobolewa skrubu bila kelele. Mpaka leo sleti nzuri huchimbwa Italia na Brazil, na huwezi kuiagiza kwa ajili ya meza ya baraza. Usihangaike nayo.

Kwa mashimo ya skrubu, nyufa nyembamba na maungio, dawa ni nta ya nyuki. Si mkato wa kienyeji huo. Mafundi wengi wa meza za mashindano hutumia nta hiyo hiyo, na wewe una bahati ya kuishi karibu na Tabora, ambako nta ni bidhaa ya miaka mingi. Pasha jiwe joto kidogo, yeyusha nta, idondoshee kwenye ufa mpaka ifurike, iache ipoe kiasi cha kuanza kuganda, kisha ikwangue kwa wembe mpana ikae sawa na jiwe. Ukikosea, yeyusha upya. Puti ya bodi za magari nayo hufanya kazi na huwa ngumu zaidi, ila ukikosea utakaa na msasa mpaka jua lizame. Nta inasamehe, chagua nta.

Na kama jiwe limevunjika kabisa? Nenda kwa mafundi wanaokata graniti za kaunta za jikoni. Bamba la milimita 20 lililong'arishwa linaweza kubeba mchezo vizuri, alimradi ulipime kwa ubao na tochi kabla hujalipa, na wakukatie mashimo sita kwa kufuatisha mabaki ya jiwe la zamani. Graniti ni ngumu kuliko sleti na inasumbua kutoboa, kwa hiyo usitoboe: iache ishikwe na uzito wake na fremu ya mbao kuizunguka. Mgeni akiuliza, mwambie meza yako ina jiwe la graniti. Katika mji uliokaa juu ya majabali, neno hilo litapokewa kwa heshima.

4. Usawa

Sasa tumefika kwenye kitu cha kwanza kati ya vile viwili, na hapa nataka uvue viatu na upige magoti.

Ujue kwanza adui yako ni nani. Baraza hujengwa na mteremko mdogo makusudi, maji ya mvua yatoke. Nyumba za Mwanza nyingi zimekaa mlimani, na sakafu zake zimefuata kilima zaidi ya zilivyofuata ramani. Kwa hiyo usiiamini sakafu, hata kama ni ya kwako na unaipenda. Chini ya kila mguu weka kipande cha kigae kigumu ili mguu usizame. Inua meza kwa jeki ya gari, polepole, kona moja baada ya nyingine, na urekebishe skrubu za miguu. Kisha laza pima maji katikati ya jiwe, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, halafu kwenye kila kona.

Skrubu zikifika mwisho wake na bado kuna tofauti ndogo, tumia vipande vya kuingiza kati ya jiwe na fremu. Kipande bora hakiuzwi dukani. Ni ile kadi ya plastiki inayobaki ukishachomoa laini ya simu: unene wake ni takriban robo tatu ya milimita, hailegei kwa unyevu, na droo yako imejaa. Kata vipande vyembamba, ingiza kimoja kimoja, pima tena.

Pima maji ikiridhika, usiridhike wewe. Chukua mpira mmoja, usukume polepole mno, kiasi cha kufika upande wa pili ukiwa karibu kusimama. Fanya hivyo kwa njia zote, na kinyume chake. Mpira wa kasi hufunika makosa, mpira mzito wa hatua za mwisho ndio unaosema kweli. Rudia baada ya wiki, maana miguu hutulia na sakafu hupumua.

Ukibaki na mteremko wa unywele mmoja ambao umekataa kuondoka, uache. Ila hakikisha unaelekea kwenye shimo la kona unalolipenda wewe, jifunze tabia yake, na usimwambie mtu. Kila meza duniani ina siri moja, na mwenye nyumba ana haki ya kuijua peke yake.

5. Raba za pembeni

Kitu cha pili. Bonyeza raba kwa kidole gumba. Ikirudi haraka, iko hai. Ikiwa ngumu, au ukiisikia inakwaruza kwa ndani, imekufa, na hakuna rangi wala maneno yatakayoifufua. Piga mpira kwa nguvu ya wastani kwa urefu wa meza: ukigonga raba na kurudi na kugonga tena, umepata. Ukigonga na kulala hapo hapo, badilisha.

Watu watakushauri ukate tyubu za baiskeli, uzipange tabaka tatu na kuzigandisha. Nimewasikia, na wewe utawasikia. Kataa. Tyubu hurusha mpira ovyo, kona moja kwa hasira, nyingine kwa uvivu, na mchezaji mzuri ataligundua hilo katika zamu yake ya pili. Mkato halali ni huu: tafuta meza nyingine iliyokufa kwa sababu nyingine, jiwe lililovunjika kwa mfano, na ununue raba zake tu. Mwenye meza yenye jiwe lililovunjika yuko tayari kuzungumza.

Ukizigandisha, jambo moja uliangalie kwa rula. Ncha ya raba iguse mpira juu kidogo ya kiuno chake, kwenye asilimia 63 hivi ya kimo cha mpira. Kwa mpira wa milimita 57 hiyo ni milimita 36 kutoka kwenye jiwe. Kwa mpira mdogo wa milimita 51 ni 32. Raba ikikaa chini sana mpira utaruka na kuangukia miguuni mwa shangazi. Ikikaa juu sana itaubana mpira chini na kuua mwendo wake.

6. Kitambaa

Kitambaa halisi cha pool ni sufu iliyochanganywa na nailoni. Kinagharimu, na ndicho ulichokuwa ukilalamikia pale baa. Mwanza ni mji wa pamba, na kishawishi cha kununua pamba nzuri ya kijani na kuitandika kitakuja. Pamba hulegea, hujikunja, na kwenye msimu wa mvua hupanda mawimbi. Usitandike pamba juu ya jiwe. Pamba tutaipa kazi nyingine baadaye.

Kabla hujanunua kipya, tazama cha zamani kimechakaa wapi. Mara nyingi kimeliwa upande mmoja tu, pale wanapofungulia mchezo, penye madoa meupe ya mpira uliopigwa kwa nguvu. Kama kitambaa ni laini kisicho na manyoya, kigeuze: upande wa kufungulia uende mbele, upande mzima urudi nyuma. Mashimo yatalingana kwa sababu meza ina pande mbili zilizo sawa. Umepata maisha ya pili bila kulipa shilingi. Kama kina manyoya, usikigeuze, maana manyoya hulala upande mmoja na mpira wa polepole utaanza kutanga.

Mchano mdogo hushonwa na asiyejua. Anayejua hubandika kiraka kwa chini: kipande cha kitambaa chembamba, gundi kidogo, kingo za mchano zikutanishwe juu yake mpaka zigusane, kisha pasi. Ndiyo, pasi. Meza za snooka hupigwa pasi kama sare za shule. Tumia ya umeme, isiyo na mvuke, ya mkaa itakumwagia majivu. Ijaribu kwanza juu ya gazeti: gazeti likigeuka rangi, pasi ni ya moto mno.

Ukitandika kipya, nunua kilichozidi sentimita 15 kila upande. Funga ncha moja ya upana, vuta ncha ya pili kwa mikono ya watu wawili, kisha pande za urefu ukianzia katikati kuelekea kona. Gundi ikae chini ya ukingo wa jiwe, tone lisipande juu. Mikunjo yote ifukuzie kwenye mashimo. Ndani ya shimo hakuna anayechungulia.

Na chaki yako iwe ya rangi ile ile ya kitambaa. Kwa uamuzi huo mmoja, nusu ya uchafu wa meza hautaonekana kamwe.

7. Mbao, rangi na majivuno

Hapa tuko huru, ndugu yangu. Hapa ndipo meza inakuwa ya kwako.

Mipasuko ya mbao ijaze kwa unga wa mbao uliokorogwa na gundi ya seremala, ikikauka piga msasa, kisha vanishi nyeusi nyeusi. Rangi ya giza huficha maungio, huficha plaiwudi, na humfanya mtu aseme mninga bila wewe kusema chochote. Usimsahihishe. Chini ya miguu paka oili chafu, mchwa wasipande.

Kuhusu siku ya kupaka, fuata mwezi. Wale wadudu wadogo wa ziwani wasiouma hupanda kwa makundi makubwa karibu na mwezi mwandamo, na rangi mbichi karibu na taa ni karamu yao. Ukipaka jioni hiyo, asubuhi utakuta meza ina ndevu. Paka asubuhi, penye upepo, mwezi ukiwa mpevu, na usiku zima taa ya baraza.

Pembeni mwa kabati, ile pamba niliyoiahidi: chagua kitenge au kanga, igandishe kwa gundi ya mbao iliyozimuliwa maji, pitisha vanishi mara tatu. Wageni watadhani ni uchoraji. Au mtafute mchoraji wa mitumbwi na daladala, umwambie achore sangara mwenye mdomo wazi kwenye kona ya shimo, mpira ukiingia uonekane umemezwa. Jiwe la Bismarck, lile jabali la ziwani, linachorwa na kila mtu, kwa hiyo kama unalitaka, lichorwe kubwa, upande wote wa mbele wa meza. Nyekundu ya Simba na kijani cha Yanga ni hatari ya namna nyingine: nusu ya wageni wako watacheza wakiwa na kinyongo. Mimi ningechagua Pamba Jiji, timu ya nyumbani iliyorudi Ligi Kuu mwaka 2024, maana Mwanza hakuna anayethubutu kuikasirikia hadharani.

Kwa vyuma vya kona, shuka Makoroboi. Mtaa ule umejengeka juu ya mikono ya watu wanaogeuza mabati na makopo kuwa taa za koroboi na vitu vya nyumbani. Mpelekee fundi kona moja ya zamani kama kielelezo, atakutengenezea nyingine tatu ambazo zitakuwa nzuri kuliko ya kwanza. Mlipe vizuri. Hapo usikate kona.

8. Mipira, fimbo, chaki

Mipira iliyopauka ioshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, isugue na dawa ya meno, imalizie kwa nta ya kung'arishia magari. Ukiishika ikiwa inang'aa mkononi, kumbuka kidogo ilikotoka. Zamani mipira ya biliadi ilikuwa ya pembe za ndovu, na pembe moja ilitoa mipira michache tu. Sehemu kubwa ya pembe hizo ilitoka bara letu hili: ilibebwa mabegani na wapagazi, Wanyamwezi na Wasukuma wakiwa wengi kati yao, kupitia Tabora mpaka Bagamoyo, ikavushwa Unguja na kwenda Ulaya na Marekani. Ndovu walipoadimika, kampuni ya Phelan & Collender ya New York ilitangaza mwaka 1863 zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu cha kuchukua nafasi ya pembe. John Wesley Hyatt aliingia kazini, na utafutaji wake ndio uliozaa seluloidi, moja ya plastiki za mwanzo kabisa. Leo mipira ni ya resini ngumu. Babu zetu waliibeba ile ya kwanza kwa miguu, na sijawahi kuona meza ya pool inayolisema hilo. Kama una nafasi ya kuandika maneno mawili kwenye kabati, andika Tabora na Bagamoyo.

Fimbo ziviringishe juu ya jiwe. Inayodunda imepinda. Zilizonyooka zicheze, zilizopinda zitundike ukutani mbili mbili zikipishana. Ukutani fimbo iliyopinda hupendeza kuliko iliyonyooka. Ncha za ngozi zibadilishwe na fundi viatu mwenye ngozi ngumu iliyogandamizwa, kisha piga msasa mpaka iwe na mviringo.

Chaki ya shule, hapana. Chaki ya pool, tangu William Spinks na William Hoskins wa Chicago walipoipatia hataza mwaka 1897, ni unga wa mchanga laini na madini makali yanayoshika ngozi. Chaki ya ubao huteleza, na itakupaka mikono.

9. Sarafu

Utashawishika kuondoa mtambo wa sarafu, kwa kuwa meza ni ya nyumbani. Usiuondoe. Ni moyo wa meza: mtu anasukuma sarafu, mlango wa ndani unafunguka, mipira yote inashuka kwa kishindo, na sauti hiyo peke yake inatosha kuwatoa watu sebuleni. Mpira mweupe haushuki na wenzake kwa sababu umetofautishwa ukubwa au uzito, na mfereji wa ndani unautambua na kuupitisha njia yake. Usafishe mfereji huo kwa brashi na kitambaa kikavu, bila mafuta, kwa kuwa mafuta hukusanya vumbi la kitambaa na kuunda tope.

Meza za zamani zilikatwa kwa sarafu ya 100 au ya 200. Ile ya 500 iliyoingia mwaka 2014 haitaingia humo. Weka bakuli la sarafu zinazoingia kwenye meza yako juu ya kabati, kila mgeni achukue, na zikishamezwa wewe unafungua droo kwa ufunguo na kuzirudisha bakulini. Watu hucheza kwa makini zaidi wakilipa, hata kama wanalipa kwa pesa yako. Ila siku utakapoanza kubaki nazo, hiyo ni biashara, na mtendaji wa mtaa atakuja akiwa na daftari. Pia asubuhi funika meza. Mwaka 2016 Rais Magufuli alikemea hadharani vijana wanaocheza pool saa za kazi, na kuna wazee mtaani ambao bado wanaikumbuka hotuba hiyo vizuri kuliko wewe.

10. Taa

Moja tu, katikati, karibu meta moja juu ya jiwe, yenye kofia ya bati kutoka Makoroboi. Kitambaa kiwe na mwanga mwingi, kabati liwe gizani. Kazi yako nzuri ionekane, ya haraka ipumzike.

11. Historia yake

Acha kovu moja. Alama ya sigara pembeni, jina lililochongwa kwa kisu chini ya ukingo, chochote ilichokuja nacho. Usilipake rangi na usilielezee. Mtu akilishika na kuuliza, sema tu kwamba meza hii imetembea. Atamaliza mwenyewe, na atakuja na hadithi bora kuliko yoyote ambayo ungetunga, kisha ataisambaza mpaka Kirumba bila gharama kwako. Hujasema uongo.

12. Mgeni wa kwanza

Usimwalike bingwa. Mwalike yule mwenye maneno mengi, yule ambaye kila baa ya Nyegezi inamjua kwa sauti. Mpe fimbo iliyonyooka kuliko zote ili asipate kisingizio. Mpe afungue mchezo, akiwa upande wa juu wa ule mteremko wako wa unywele. Mwache aingize mipira mitatu minne ya mwanzo, mshangilie, mwongezee soda. Mchezo ukifika kwenye mpira mweusi, mtazame akiupeleka polepole kuelekea kona anayodhani anaijua. Utakapopinda, usicheke. Sema tu kwamba raba ni mpya, bado inazoea. Kisha simama, upige chaki bila haraka, umalize kwenye kona yako. Ya pili, sarafu atoe yeye.